Wapenda magari tunaenda kuzunguka Ulaya kwa gari mwezi wa tisa, mwendo wa kula bata sio mbio. Leteni nondo

KlachiMbili
Wakuu habari za jioni. Sisi ni washkaji wanne, ugonjwa wetu ni mmoja, magari. Mwakani mwezi wa tisa tumeamua zile hela tunazozimwaga kwenye rimu na ekzosi tuziweke pamoja twende tukayaone yanakozaliwa. Wiki mbili. Mpango niliochora mpaka sasa, tunashukia Amsterdam tunachukua gari, uwanja wa mbio wa Spa kule Ubelgiji kuangalia ile kona ya Eau Rouge, Nürburgring uwanja wa mbio wa Ujerumani, Paris siku moja, Stuttgart, Munich, Prague (mmoja wetu ni mtu wa Skoda), halafu tunapanda Alps tunashukia Modena kwa akina Ferrari, Monaco, turudi Amsterdam. Hatutaki kukimbizana, tunataka kusimama njiani, kupiga picha, kula vizuri. Waliopita huko nipeni muongozo, gari gani tukodi, wapi tusikose na wapi ni kuchoma hela bure. Bajeti ipo ila sio ya kifisadi.

Bwana_Gesi
Mwendo wa kula bata, nchi nane, wiki mbili hahahaha. Mkuu hiyo ni ratiba ya basi la mkoani, kuchimba dawa dakika tano twende.

DadaWaNeckar
Kaka KlachiMbili karibu sana, ila Bwana_Gesi kakwambia ukweli. Mimi naishi pembeni ya Stuttgart na kila kiangazi napokea wageni wenye ratiba kama hiyo yako, wanarudi nyumbani na picha za sheli za barabarani. Amsterdam mpaka Modena peke yake inapita kilomita 1,200 na hapo hujaigusa Prague wala Monaco. Kata bila huruma. Toa Amsterdam, toa Prague, toa Monaco, Paris pia toa, ule mji ni wa treni na miguu, gari pale ni mzigo. Shukia Frankfurt au Stuttgart na gari ulirudishe pale pale ulipolichukulia, maana ukiliacha nchi nyingine wanakupiga hela ya kulirudisha ambayo mngelalia hoteli.

Halafu chagueni vituo vinne mlale siku tatu tatu. Asubuhi mnatoka bila mabegi, mnazunguka, jioni mnarudi kitanda kile kile. Kufunga na kufungua mabegi kila siku ndiko kunakochosha watu, sio kuendesha.

Kituo cha kwanza Stuttgart. Pale kwenye jumba la Mercedes mnapandishwa na lifti mpaka juu kabisa, halafu mnashuka kwa miguu mkizunguka na miaka inasogea kadiri mnavyoshuka. Lifti ikifunguka kitu cha kwanza kukutana nacho ni farasi mweupe amesimama, sio gari! Hatua chache mbele ndio unakikuta kile chombo cha magurudumu matatu ambacho Karl Benz alikiombea hataza Januari 1886. Tengeni nusu siku nzima. Porsche kule Zuffenhausen ni padogo zaidi, pamefunguliwa 2009, mnamaliza kwa saa mbili tatu na kiwanda kiko hapo hapo jirani.

Watu wengi wakishaona hayo majumba mawili wanakimbia, mimi nawaambia bakini mpite njia ya Bertha. Agosti 1888 mke wa Benz, Bertha, aliondoka na gari bila kumuaga mumewe, kabeba vijana wake Eugen na Richard, kutoka Mannheim mpaka kwa mama yake Pforzheim, zaidi ya kilomita 100, wakati huo gari lilikuwa la kuzungukia hapo hapo mjini tu. Mafuta yakamwishia akaingia duka la dawa pale Wiesloch akanunua ligroin, mafuta mepesi ya kusafishia. Bomba la mafuta likaziba akalizibua kwa pini ya kofia. Breki zikaanza kuisha, akamwendea fundi viatu amwekee ngozi. Fundi viatu jamani! Leo njia yake ina vibao mwanzo mwisho, kwenda na kurudi ni kama kilomita 190, mnapita Heidelberg, vijiji, mizabibu, na pale Wiesloch kuna kumbukumbu nje ya lile duka. Hiyo ndio safari ya mpenda magari, na mwendo wake ni 70 hivi, hakuna anayewafukuza nyuma.

Kamba_Turbo
Dada umeongea poa lakini mbona umeruka Nürburgring? Mimi niko Nairobi na siwezi kwenda Ujerumani nirudi bila kukanyaga Nordschleife, ile njia ndefu ya mbio ya pale, wasee watanicheka. Kilomita 20.8, kona zaidi ya 70, ipo tangu 1927, na unalipa getini unaingia kama barabara ya kawaida tu.

DadaWaNeckar
Sijairuka, nilikuwa naivutia pumzi. Ndiyo, siku za wananchi ni barabara ya kulipia ya uelekeo mmoja, mzunguko mmoja ni kama yuro 30 na ushee, wikiendi zaidi. Ila sikilizeni vizuri, gari mlilokodi airport HALIRUHUSIWI mle ndani. Someni mkataba, karibu kampuni zote zinakataza kwa maandishi na bima inakufa ukishavuka geti. Ukigonga reli ya pembeni unalipia reli, unalipia gari la kuvuta, unalipia na muda ambao njia imefungwa kwa ajili yako. Kuna wenyeji wa pale wanaokodisha magari yaliyoandaliwa kwa kazi hiyo, mnaambiwa mapema mkiliumiza mtadaiwa kiasi gani. Wanaoanza bora wapande kama abiria, dereva wa pale anajua kila kona kwa jina.

Sheria ya mle ni hiyo hiyo ya Ujerumani, unapitwa kwa kushoto tu, wewe kaa kulia, washa indiketa ya kulia umruhusu mwenye haraka. Usipime muda. Hii ndiyo njia ambayo dereva wa F1 Niki Lauda aliungua Agosti 1976, na baada ya hapo F1 haikurudi tena kwenye Nordschleife.

Kama hamna hela ya kuingia, nendeni Brünnchen, kuna maegesho na kilima cha kukaa, mnatazama bure kabisa. Jumapili mchana ni sinema, anapita mtu na Porsche ya GT3, nyuma yake baba na familia kwenye gari la kubebea watoto. Kutoka Frankfurt ni kama saa mbili, kwa hiyo ifanyeni ya kwanza kabla ya kushuka Stuttgart.

Mzee504
Nawasalimu vijana. Nasoma tangu juu naona Ferrari, Porsche, Mercedes, hakuna hata mmoja aliyelitaja gari lililotubeba sisi.

KlachiMbili
Shikamoo mzee, kwa jina lako tu nimeshajua tunaelekea wapi.

Mzee504
Marahaba. Basi kituo cha pili kiwe Alsace, mashariki ya Ufaransa. Kutoka hapo mnafika Sochaux kwa muda mfupi, ndiko nyumbani kwa Peugeot na wana jumba lao la kumbukumbu tangu 1988. Nyie mmezikuta zimechoka, zinabeba mkaa na mbuzi. Sisi tumeiona Peugeot 504 ikishinda Safari Rally 1975 kwa mkono wa Ove Andersson, ikarudia 1978 na Jean-Pierre Nicolas kwenye ile kupe ya V6. Mwaka huo wa 1978 Porsche walikuja na 911 zao zilizoinuliwa juu, mafundi na vifaa vya kutosha, wakaambulia nafasi ya pili na aliyewaletea hiyo pili ni kijana wa Kenya, Vic Preston Jnr. Dada wa Stuttgart asikasirike.

Lakini sababu kubwa ya kulala Alsace ni Mulhouse. Kulikuwa na ndugu wawili, Hans na Fritz Schlumpf, matajiri wa viwanda vya nguo. Fritz alikuwa mgonjwa wa Bugatti kuliko nyie wote humu. Akawa ananunua kimya kimya, moja moja, nyingine kwa mafungu, anazificha kwenye jengo la kiwanda na mafundi wanazitengeneza milango imefungwa. Huku nyuma biashara ya nguo inayumba, wafanyakazi wanaambiwa hela hakuna. Machi 1977 wafanyakazi wakalivamia lile jengo. Wenye mali walishakimbilia Basel. Waliolivunja wakakuta ukumbi mkubwa, magari mamia kwa mamia yamepangwa kwa mistari, katikati zimesimamishwa taa za mtaani zilizoigizwa kutoka daraja la Alexandre III la Paris. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mtu aliyekosa mshahara halafu anaiona hiyo. Wakalishikilia jengo karibu miaka miwili, likaja kufunguliwa rasmi kwa wananchi 1982.

Mle ndani Bugatti zimepita mia. Zipo Royale mbili za asili, gari ambalo yalibaki sita tu duniani, injini lita 12.7. Ukisimama pembeni yake boneti inakufika kifuani. Msiende mchana wa kuchelewa, nendeni wanapofungua.

Bwana_Gesi
Mzee hii stori ya Schlumpf nikimsomea mke wangu na ile Mark II iliyoko juu ya matofali inaondoka kesho.

KitongaUsiku
Mimi nichangie ya milimani maana shemeji yangu yuko Zurich na tumezipanda sana hizo njia. Kituo cha tatu Andermatt, Uswisi. Ni kamji kadogo na barabara zote nzuri zinakutania hapo. Kuna mzunguko mmoja wa njia tatu za milimani, Susten, Grimsel, Furka, kama kilomita 120 na ushee, unatoka asubuhi unarudi jioni hapo hapo. Furka inafika mita 2,429. Njiani kwenye kona moja kuna hoteli ya zamani Belvedere, imefungwa miaka sasa ila kila mtu anasimama kuipiga picha, na wewe utasimama. Ukiwa na siku ya ziada panda Gotthard kwa njia ya zamani ya Tremola, ni mawe yaliyopangwa kwa mkono, kona juu ya kona, huku wenzako wanapita chini kwenye handaki la karibu kilomita 17 hawaoni kitu.

Sasa mambo ya uendeshaji. Mtu aliyezoea Kitonga hatishiki na mlima, kinachotisha ni ufinyu na baiskeli. Shuka na gia ile ile uliyopandia, usikae kwenye breki mpaka zinuke. Njia ikiwa finyu anayeshuka anampisha anayepanda. Na mkisikia honi ya sauti tatu inaimba kwenye kona, hilo ni basi la njano la posta linakuja, simama pembeni mapema, lile linachukua barabara nzima na kwenye njia zake dereva wake ndiye anayeamua nani arudi nyuma. Mwezi wa tisa njia zipo wazi ila theluji inaweza kuanguka usiku mmoja tu wakafunga, huwa kuna ubao chini kabisa unaoonyesha kama juu pako wazi, usiupite bila kuusoma.

Stika ya barabara kuu za Uswisi ni faranga 40, hata ukikaa siku mbili unalipa ya mwaka. Spidi barabara kuu 120, nje ya mji 80, mjini 50, na wale jamaa hawana utani, kilomita chache tu juu kamera inakula.

Kamba_Turbo
Na ile njia ya mlimani ya Stelvio kule Italia? Kila video ya magari ni Stelvio.

KitongaUsiku
Stelvio ni nzuri kwa macho, kwa mikono mimi sioni raha yake. Mita 2,757, upande wa Prato una kona 48 na kila moja ina namba, ilijengwa 1820 mpaka 1825 kwa magari ya farasi, kwa hiyo kona zake ni za kusimama kabisa, unakata usukani wote. Jumamosi mchana ni foleni ya pikipiki, baiskeli na watu wa nyumba za magurudumu. Kama ni lazima laleni kijiji cha chini, saa kumi na mbili asubuhi muwe mnapanda, saa mbili mmeshashuka. Ukitaka barabara iliyojengwa kwa ajili ya starehe hasa ni Grossglockner ya Austria, ya 1935, kilomita 48, pana, laini, ila unalipa getini na sio kidogo. Zote mbili kwa wiki mbili ni tamaa.

KlachiMbili
Wakuu nimefuta ile ratiba yote aisee. Kituo cha nne basi ni Modena. Na gari je? Tulikuwa tunafikiria tukodi BMW ya maana, M hivi zile za mbio, manyuo ya gia za mkono.

DadaWaNeckar
Watu wazima wanne na mabegi manne, chukueni steshen wagon. Sikilizeni, Wajerumani wenyewe ndio gari wanalolipenda, BMW ya 3 ya mkia mrefu au Skoda Superb, yule mshkaji wenu wa Skoda atafurahi bila kwenda Prague. Manyuo zipo na ni rahisi zaidi, ila agizeni mapema. Kuhusu M, kampuni nyingi zina orodha ya magari ya bei mbaya ambayo hayaruhusiwi kuvuka kwenda Italia, na umri wa dereva unaanzia juu. Dipoziti inakatwa kwenye kredit kadi yenye jina la dereva mwenyewe, kadi ya kawaida ya benki wanaweza kuikataa pale kaunta mkabaki mmeshika mabegi. Bima chukueni ile ya kutokulipa chochote. Na kabla hamjaondoka, pigeni video gari zima, rimu zote nne, mpaka kioo cha mbele. Mgeni wangu mmoja alidaiwa mchubuko wa rimu alioukuta, video ndiyo iliyomwokoa.

Leseni, chukueni na ile ya kimataifa huko huko nyumbani kabla ya safari. Viza moja ya Schengen inatosha kwa nchi zote hizi nne, Uswisi imo. Mnaomba kwenye ubalozi wa nchi mtakayolala siku nyingi zaidi, kwa hiyo hesabuni usiku wa kila nchi vizuri, na bima ya safari isipungue yuro 30,000.

Autobahn sasa. Kuna vipande havina kikomo, ndiyo, ila spidi inayoshauriwa ni 130 na ukipata ajali ukiwa juu ya hapo unaweza kubebeshwa sehemu ya gharama hata kama kosa ni la mwenzio. Kushoto ni pa kupita tu, ukimaliza rudi kulia. Usiovateki kwa kulia hata siku moja. Tazama kioo kabla ya kuhama, kile kitaa kidogo unachokiona mbali kule nyuma kinakuja na 220. Foleni ikisimama, wa kushoto anasogea kushoto kabisa, wengine wote kulia, ambulansi ipite katikati, na hii mnaifanya kabla hamjaisikia.

NdogoNdogo_wa_Bologna
Modena niachieni mimi, nafanya kazi jirani. Laleni Modena yenyewe, kila kitu kipo karibu. Nyumba aliyozaliwa Enzo Ferrari ipo mjini na pembeni yake wamejenga jumba la kisasa lenye paa la njano kama boneti, tangu 2012. Maranello ni kama kilomita 20, pale mtaani mkikaa na kahawa mtaona gari zimefunikwa stika za kuficha umbo zinapita kwenye majaribio. Lamborghini wapo Sant'Agata, Pagani wapo San Cesario, hao lazima mlipie nafasi mapema. Ila pa kwangu mimi ni kwenye shamba la ukoo wa Panini nje kidogo ya mji. Ni shamba la ng'ombe, wanatengeneza jibini ya Parmigiano, na kwenye jengo moja hapo hapo wameweka Maserati za zamani za ajabu. Mnaomba nafasi kabla, kuingia bure. Mnatoka kwenye Maserati mnaingia kwenye jibini.

Kwa msiokula nguruwe, tortellini zina nguruwe ndani, agizeni tortelloni za jibini. Uliza kila mara, huku yupo kila mahali.

Kitu kimoja kitawaumiza, ZTL. Katikati ya miji ya Italia kuna maeneo ya wenyeji tu, bango ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu, kamera inakupiga picha namba na hakuna trafiki wa kukusimamisha. Miezi inapita, upo nyumbani Tabata unakula zako ugali, faini inakuja, na kampuni ya gari imeshakukata hela yao ya kutoa jina lako. Chukueni hoteli yenye maegesho nje ya hayo maeneo, au hoteli iandikishe namba ya gari yenu siku ile ile mnayofika.

Mageti ya barabara kuu chukueni tiketi mwanzo mnalipa mnapotoka, ile njia ya njano ya Telepass, ya wenye kifaa cha kulipia, msiingie. Sheli, gasolio ni dizeli, benzina ni petroli, na pampu iliyoandikwa servito ina bei ya juu kwa sababu mtu anakujazia. Shukeni mjaze wenyewe.

Kamba_Turbo
Na Monza iko karibu na Milan, si wapitie?

NdogoNdogo_wa_Bologna
Wapitie, kutoka Andermatt kushuka huku ni njiani. Uwanja wa 1922 upo ndani ya bustani ya umma, na ile kona ya zamani ya saruji iliyoinuka kama ukuta bado ipo. Ila mwezi wa tisa mwanzoni huwa kuna F1 hapo, ikiwa wikiendi hiyo hoteli za Milan hazishikiki. Angalieni kalenda kabla ya kukata tiketi ya ndege.

KlachiMbili
Haya wakuu, nimechora upya. Tunashuka Frankfurt, Nürburgring usiku mmoja tunakaa Brünnchen, wawili wetu wanapanda kama abiria. Stuttgart siku tatu na njia ya Bertha imo. Alsace siku tatu, Mulhouse na Sochaux ya mzee. Andermatt siku mbili. Monza kupita tu. Modena siku tatu. Kurudi tunalala chini ya Stelvio, alfajiri tunapanda, halafu tunanyoosha Frankfurt na kulala njiani. Kuna mwenye pingamizi?

DadaWaNeckar
Moja tu. Mercedes na Porsche zote Jumatatu zimefungwa, na ukishuka Munich BMW pia. Pangeni Jumatatu yenu ndio iwe siku ya Bertha.

Mzee504
Mkifika Sochaux nipigieni picha dashibodi ya 504, ile yenye gia ya usukani. Sio nje, nje naijua.

Bwana_Gesi
Nafasi ya tano haipo?

KlachiMbili
Ipo katikati nyuma, mkuu, ila begi unapakata.